Niliuliza Houston Yote, Sikumuuliza Mrushaji

Nakumbuka siku moja, Jumamosi ya joto kali, ndege zikishuka moja baada ya nyingine juu ya kiwanja chetu kule Euless, pembeni mwa Dallas, Bi Mwanaidi alipofika na mtu ambaye timu mbili zilikuwa zimekwisha kumtupa. Alimshusha garini kama mtu anayeshusha kabati la mtumba, taratibu, akiangalia pembe zisigonge. Akatuambia, "Huyu anaitwa Byamungu. Ni mrushaji. Kuanzia leo ni wetu." Halafu akakunjua kiti chake, akakaa, akafungua chupa ya chai.

Mwanangu, niwie radhi kwa kukuita hivyo. Sina mvi hata moja. Lakini magoti yangu ni ya mzee, maana mdakaji wa besiboli huchuchumaa mchana kutwa, na vijana wanaojiunga na timu yetu siku hizi wananiamkia shikamoo, nami nimechoka kuwakataza. Basi nichukulie kama mtu aliyetangulia hatua chache na kuanguka kwenye shimo ambalo wewe hujalifikia. Ninayokueleza si ya kujisifu. Mpaka leo nikiwa naendesha gari kwenda kazini huyapitia maneno niliyoyasema wakati ule, neno kwa neno, nikitafuta ni lipi ningeliacha mdomoni.

Bi Mwanaidi ni mtu wa Tanga. Kazi yake ilikuwa kutunza wazee majumbani, na kwa miaka sita alimtunza mzee mmoja wa Kizungu pale Arlington, mzee asiyeweza tena kutoka kitandani, ambaye raha yake iliyobaki ilikuwa kutazama besiboli kwenye televisheni. Mzee hakupenda kutazama peke yake. Kila mpira uliorushwa alimweleza Bi Mwanaidi kwa nini umerushwa hivyo. Alipofariki, mama huyu aliujua mchezo kuliko wanaume wote tuliosali nao au kufanya nao kazi. Akatukusanya, Wakenya, Watanzania na sisi Wakongo, watu wa maghala ya uwanja wa ndege na wa nyumba za wazee, akatuingiza kwenye ligi ya mwisho wa wiki. Watu walicheka. Yeye alikuwa anapanga majina.

Kama huujui mchezo, jua mambo mawili tu. Mrushaji husimama katikati na kurusha mpira kwa nguvu zake zote. Mpigaji humsubiri na gongo. Nyuma ya mpigaji amechuchumaa mdakaji, ndiye mimi, na mdakaji humwonyesha mrushaji kwa vidole mpira wa kurusha: kidole kimoja ni mpira ulionyooka, viwili ni mpira unaopinda. Watu hao wawili wasipoaminiana, hakuna timu.

Byamungu alipanda pale katikati, akarusha. Mpira wa kwanza ulipita juu ya kichwa changu na kugonga uzio. Wa pili uliangusha ndoo ya maji. Wa tatu sikuuona ulikokwenda.

Otieno, Mkenya wetu wa Cedar Hill, akauliza, "Buda, hiyo umemtupia nani? Rubani?"

Timu nzima ilicheka. Byamungu hakucheka, wala hakukasirika. Aliokota mpira mwingine.

"Nampa mechi nne," Bi Mwanaidi alisema kutoka kwenye kiti chake. "Na wewe Amisi, usinikunjie uso. Umdake."

Nilikunja uso, ni kweli. Watu wetu husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mkono ule ulikuwa na nguvu ambayo sijawahi kuidaka. Byamungu alilelewa Houston, alicheza chuoni, akachukuliwa na timu ya kulipwa ya mji mdogo, wakamwacha. Akarudi Houston akacheza na timu ya Jumapili ya vijana wa Kiafrika, timu ya mtaani kama yetu, nao wakamwacha. Nikajiuliza, mtu mwenye mkono kama huu anakosaje mahali? Lazima kuna jambo. Na nikishaona kwamba kuna jambo, mwanangu, silali vizuri mpaka nilifukue. Ndivyo nilivyoumbwa. Mchezo wote nilijifundisha peke yangu kwa video za kwenye simu, wakati wa mapumziko ghalani, na mtu anayejifundisha mwenyewe huishi na hofu kwamba kuna ukurasa aliouruka. Nilikuwa na daftari. Niliandika kila mpira: ulikwenda wapi, mguu aliuweka wapi, alitazama nini kabla ya kurusha. Nikikosea herufi nilichana ukurasa na kuandika upya.

Daftari likaanza kujaa mambo yasiyo ya mpira. Kabla ya kila mazoezi, Byamungu alikwenda nyuma ya gari lake, akatugeuzia mgongo, akazungumza kwa simu. Nikipita karibu, sauti inashuka. Aliporudi hakusema alikuwa anaongea na nani. Kila Jumapili alikwenda Houston, mwendo wa saa nne barabarani, na Jumatatu alfajiri yuko kazini. Houston kuna nini kwake, na wamemtupa? Otieno akimuuliza kwa utani kwa nini waliachana na timu yake, anajibu, "Mambo ya mupira," kisha anafunga viatu vilivyokwisha kufungwa.

Na mechi ya nne, ile ya mwisho kati ya alizopewa, ilikuwa dhidi ya timu hiyo hiyo ya Houston.

Nilimwambia Otieno kwamba huenda ametumwa. Alinitazama kwa huruma.

"Atumwe aje kwetu? Sisi tuna siri gani, buda? Ya kupoteza mechi?"

Lakini mwenye shaka huliona jani likitikisika akaapa kwamba kuna chui. Mechi ya kwanza nilimwonyesha kidole kimoja tu, mpira ulionyooka, kutoka mwanzo hadi mwisho. Sikumpa nafasi ya kurusha ule unaopinda, ambao Bi Mwanaidi alisema ndio uliokuwa umempa jina. Niliogopa ataupeleka kusikojulikana, au ataupeleka pale alipotaka yeye na mimi sitajua. Wapigaji wakauzoea ule mmoja, wakaupiga kama wanaotwanga. Mechi ya pili hivyo hivyo. Nami jioni nikaandika: anashindwa. Sikuandika kwamba mimi ndiye niliyemfunga mkono mmoja.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo nakuusia usilifanye.

Unajua desturi yetu. Kijana akitaka kuoa, au mgeni akitaka kuingia nyumbani kwenu, wazee hawamuulizi yeye. Wanaulizia. Wanapiga simu alikotoka: huyu ni wa nani, ana tabia gani, aliondokaje? Ni desturi nzuri. Imeokoa mabinti wengi. Nilikuwa nimeiona tangu kwenye kambi ya wakimbizi ya Kigoma nilikokulia, baada ya wazazi wangu kukimbia Fizi, Kongo. Nikaona sifanyi kosa. Nikampigia mama mdogo Furaha, ndugu wa mama yangu, anayekaa Houston.

"Ule kijana?" alisema. "Nilisikiaka walimufukuza mu équipe ya mupira. Sijue juu ya nini. Ngoja, nitauliza ba-mama ya chorale."

"Usiwaulize, mama. Nilitaka tu kujua kama wewe unajua."

"Nitauliza polepole."

Mwanangu, hakuna mama wa kwaya anayeuliza polepole. Lakini sikumkataza mara ya pili. Nataka ulisikie hilo vizuri, maana ndiyo sehemu ninayopenda kuiruka nikisimulia. Nilinyamaza, kwa sababu nilitaka jibu.

Jibu halikuja. Wiki moja ikapita, mbili zikapita. Mechi ya tatu Byamungu alirusha vizuri vipindi viwili, kisha nikamwona anatazama chini, mipira ikaanza kutawanyika. Kabla ya mechi hiyo hakwenda nyuma ya gari kupiga simu. Nikaandika: leo hakupiga simu, kwa nini? Niliona hata kutopiga simu ni ushahidi.

Jumatano iliyofuata Bi Mwanaidi alinipigia akiwa kazini kwake, akaniambia nimfuate wakati wa chakula cha mchana. Nilimkuta ndani ya gari lake, nje ya nyumba ya mgonjwa wake, kiyoyozi kinanguruma. Nikaingia, nikamwamkia. Aliitikia bila kunitazama.

"Umeuliza nini Houston?"

Nikaanza kueleza. Nilizungumza sana. Nilisema kuuliza si ujinga, nilisema ni kwa faida ya timu, nilisema hata kuhusu zile simu na mama Furaha. Alisubiri mpaka maneno yakaniishia.

Kisha akanieleza kilichotokea. Byamungu alikuwa amepeleka posa Houston, kwa binti anayeitwa Neema. Baba wa binti, mzee Ramazani, alikuwa ameipokea barua na kusema atajibu. Njia ya swali langu niliijua yote baadaye. Liliondoka kwa mama Furaha likiwa dogo: mnamjua? Kwenye kwaya likawa, Dallas wanamuulizia, kwa nini? Lilipofika kwa mzee Ramazani lilikuwa limeota meno: Dallas wanauliza kama huyu kijana anaiba. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja, mzee akajisemea, akaisimamisha posa. Akamwambia binti asipokee simu zake mpaka jambo lieleweke. Byamungu aliambiwa tu kwamba kuna neno limetoka Dallas; la nani, hakujua. Alidhani ni besiboli. Kwamba mzee amechoka na mtu mzima anayefukuzwa kwenye michezo. Alikuwa amekwenda kwa Bi Mwanaidi kumuaga. Anaacha kucheza.

"Mimi mama Furaha simjui," Bi Mwanaidi alisema. "Lakini Byamungu aliponiambia kwamba neno limetoka Dallas, nilikujua wewe."

Nikashika kitasa cha mlango.

"Kuuliza si ujinga," akaendelea, "lakini swali lina mwenyewe. Umeuliza mji mzima. Mtu mwenyewe unadaka mpira wake kila Jumamosi, mko hatua ishirini, mnatazamana uso kwa uso, humuulizi. Unaogopa nini, Amisi?"

"Naogopa kukosea, mama."

"Basi umekosea. Hofu imekwisha. Nenda kamwambie."

"Wewe huwezi—"

"Siwezi. Mdomo ulioanza ndio unaomaliza."

Kama hujawahi kubeba neno la kukiri, hujui mzigo. Nilimkuta Byamungu jioni ile kwenye maegesho ya magari ya fleti anayokaa, anafuta vioo vya gari. Nilikuwa nimepanga maneno, nimeyaandika, nimeyasahihisha. Nilipomwona yote yakanitoka. Nikasema tu, "Ni mimi niliyeulizia habari zako Houston. Hakuna mwingine."

Aliendelea kufuta kioo kilekile. Nilitamani anipige.

"Juu ya nini?" aliuliza.

"Nilidhani unatuficha jambo."

"Niliwaficha." Akakunja kile kitambaa. "Kule kwenye timu ya kulipwa nilipiga mutu na mupira. Hapa." Akagusa mfupa chini ya jicho. "Alipona, lakini jicho lile haioni muzuri. Tangu siku ile, nikiona mutu amesimama pale, mukono yangu inaachia mupira mapema. Houston walisema hawawezi kungoja. Ni hiyo tu. Na simu ni Neema. Mbele ya kurusha namupigia, ananiongelesha mambo ya bure, amepika nini, nani amegombana na nani, mpaka moyo inashuka. Sasa hapokei." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Ungeniuliza. Niko mbele yako kila wiki."

Nikamwomba msamaha. Akasema, "Leo sitakusamehe." Aliyasema bila hasira, kama mtu anayekwambia leo hakuna mkate. Kisha akaongeza kwamba Jumamosi atarusha, kwa kuwa alimwahidi Bi Mwanaidi mechi nne, na Jumapili mimi nitakwenda naye kwa mzee Ramazani niyaseme mwenyewe. Baada ya hapo, yeye na mpira basi.

Tulikwenda Houston kwa magari matatu. Njiani hakuongea nami. Kiwanjani alirusha na mimi nikamwonyesha vidole viwili, mpira unaopinda, kwa mara ya kwanza tangu tumjue. Aliutazama mkono wangu kama mtu aliyepewa noti akadhani ni bandia. Akaurusha. Ukapinda kama njia ya mlimani, mpigaji akapiga hewa. Kwa vipindi vinne timu iliyomtupa haikumgusa. Mwanangu, ningependa kuishia hapo.

Kipindi cha tano mpira mmoja ulimponyoka, ukampiga mpigaji kwenye paja. Kijana akaanguka. Nilimwona Byamungu mikono ikining'inia, yule yule wa siku ya kwanza Euless. Wachezaji wenzake wa zamani walitazamana, na mmoja akasema kwa sauti ya kutosha, "Si tuliwaambia." Byamungu akashuka, akaenda kupiga goti kwa yule kijana, akamshika paja, akakaa naye pale mpaka aliposimama na kukanyaga. Kisha akarudi mahali pake akiwa na uso wa mtu asiyejua amerudi kufanya nini.

Nikamwendea. Siku zote nilipomwendea katikati ya mchezo nilikwenda na amri: punguza, nyoosha, tazama hapa. Safari hii sikuwa na kitu. Nikamuuliza, "Unataka tufanye nini?"

Aliuzungusha mpira mkononi mpaka mwamuzi akaanza kutuita.

"Ile inayopinda," akasema. "Ukikaa palepale. Usikimbiekimbie."

"Nitakaa."

Nikarudi, nikachuchumaa, nikakaa. Sikutikisika. Mpira uliondoka mkononi mwake ukielekea begani kwa mpigaji, nami kila kiungo kilitaka kuruka kuukinga. Nikabaki. Ukapinda, ukaingia kwenye glavu yangu bila mimi kuisogeza.

Tulifungwa mechi ile, kwa pointi moja, kwa kosa la Otieno aliyedondosha mpira rahisi. Ukimkumbusha anasema jua lilimwingia machoni. Kulikuwa na mawingu.

Kesho yake baada ya ibada tulikwenda kwa mzee Ramazani: Bi Mwanaidi, Byamungu na mimi. Walitupa chakula kwanza, ugali na sombe, yaani kisamvu, na mzee hakugusa jambo mpaka tukanawa mikono. Neema alileta maji akaondoka bila kumtazama mtu. Ndipo mzee akauliza nani alianza neno.

"Mimi, baba."

"Uliona nini kwake?"

"Sikuona kitu."

"Mutu asiyeona kitu anauliza nini?"

Swali hilo ninalibeba mpaka leo. Bi Mwanaidi alikuwa anatazama mikono yake. Mzee akaniacha niive kidogo, kisha akasema, "Basi. Sasa umeona nini?"

Nikamweleza lile la jana. Sikumweleza ile mipira iliyopinda. Nilimweleza lile goti, na jinsi alivyorudi kurusha ingawa aliogopa. Nikamwambia pia kuhusu jicho la mtu, kwa ruhusa ya mwenyewe, maana Bi Mwanaidi alikuwa amemwonya Byamungu njiani kwamba mficha uchi hazai. Mzee alisikiliza amefumba macho. Mwishoni alisema, "Nimesikia," akasimama, na tukajua tumeagwa.

Nilimpigia mama Furaha nikamwomba awaambie mama wa kwaya kwamba kijana hana doa. Alicheka kwa uchungu. "Nitasema. Lakini habari muzuri iko na mguu mufupi, mutoto wangu." Ikawa kweli. Lile baya lilifika kwa wiki mbili. Hili zuri lilihitaji miezi saba kabla mzee Ramazani hajaijibu barua ya posa. Alijibu ndiyo. Lakini miezi saba ile watu wawili waliokuwa wamekubaliana waliishi bila kusikiana sauti, na hakuna aliyeiba muda huo ila mimi. Kuhusu kuacha mpira, Byamungu hakulitaja tena; aliendelea kurusha. Bi Mwanaidi alipoulizwa kuhusu zile mechi nne alisema hajui kuhesabu. Na siku moja, katikati ya mazoezi, bila kusimama, Byamungu aliniambia, "Nimekusamehe, unajua," akaomba mpira mwingine.

Basi sikiliza, mwanangu, nikuambie ninalolijua. Shaka si dhambi. Mtu akija kwako akiwa ametupwa na wengine, una haki ya kutaka kujua kwa nini, na aliyetupwa ana wajibu wa kusema. Lakini shaka yako mpelekee mwenyewe, mchana, macho kwa macho, kabla hujaipeleka kwa mtu wa tatu. Akikudanganya, uongo ni wake. Ukimzunguka, neno litakalomrudia litakuwa lako, na hutalitambua, maana litakuwa limekua. Na ukimpa mtu nafasi, mpe yote. Ukimpa nusu kisha ukaandika kwamba ameshindwa, ujue umeandika habari zako mwenyewe. Wewe unayeogopa kukosea, nakujua vizuri, nimekaa ndani ya ngozi hiyo: utakosea. Ukikosea, nenda ukayaseme kwa mdomo wako, usimtume mtu.

Mungu akujalie rafiki wa kukuambia kweli kabla mji haujaisikia. Akujalie ulimi mzito wa kusengenya na mwepesi wa kukiri. Na siku watakapokutupa, maana siku hiyo huja kwa kila mtu, akupe mtu mmoja atakayekaa palepale mpaka mpira wako ufike. Amina.